Alhamisi ya Noemi

Dayton, Ijumaa, 14 Machi

Dada Corinne,

Natumaini hujambo. Huku theluji inayeyuka, na wale vyura wawili wa darasani kwangu ni wazima. Hawana makuu, wanataka maji safi na chakula kidogo tu.

Kila Alhamisi huwa zamu ya Noemi kuwalisha, lakini wiki ya tatu sasa haji shuleni. Nimepita kwao mara mbili, nikakuta mapazia yameshatolewa na ndani hamna kitu. Tangu hapo situlii.

Jana nilimpa Tessa kopo la chakula, akalirudisha mezani.

“Si zamu yangu, Mwalimu. Noemi akirudi atauliza.”

“Vyura watashinda njaa.”

“Si ulisema wakikosa chakula siku moja hawafi?”

Leo nimeandika ratiba mpya. Nilipofika kwenye Alhamisi, nikaandika jina la Noemi.

Nawe nijibu, dada, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Maureen