Chonge za Aurelia

Kibaoni, Ifakara
Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa dada yangu Frida,

Shikamoo dada. Nakusalimu wewe, shemeji Maximilian na watoto wote hapo Kidatu, nikitumaini kifua cha shemeji kimeachia na mnalala vizuri. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Aurelia anakwenda shule, cherehani yangu inafanya kazi, mvua zimekatika na watu wako mashambani wanavuna. Mpunga wa Michenga mwaka huu ulijitahidi, ila ndege nao walijitahidi.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye hata salamu za Krismasi nakutumia kwa sauti kwenye WhatsApp. Nimekupigia simu mara tatu wiki hii. Mara zote umepokea, na mara zote nimekuuliza kifua cha shemeji kisha nikaaga. Kwa hiyo naandika. Barua nampa Beno wa lori mkononi, kwa kuwa kesho asubuhi anapeleka mchele huko kwenu, na nimemwapisha asimwachie mtu mwingine hata kama ni mumeo. Nataka uwe umeisoma kabla ya kikao cha Ijumaa. Tafadhali kaa peke yako chumbani, na kwanza unywe chai.

Nianze na kikao kilichopita pale kliniki ya meno, kwa sababu ulitoka kwa hasira ukawahi basi na hatukupata nafasi ya kuzungumza. Ulizungumza vizuri siku ile, dada. Ulimweleza afisa wa halmashauri kwamba miaka mitatu iliyopita Daktari Theodori alimng'oa Aurelia gego la utoto lililooza, upande wa kulia chini, na kwamba katika kuling'oa aliondoka na chonge ya ukubwani iliyokuwa inakuja. Ukasema mtoto sasa anakaribia miaka kumi na minne, ana mapengo kama mtoto wa chekechea, na hacheki bila kuziba mdomo kwa mkono. Ukasema hutaki fidia ya mtu. Unachotaka ni daktari aseme kwa kinywa chake kwamba alikosea, mbele ya watu, basi.

Mimi ni fundi, dada, na fundi akimtazama mtu huanza na mabega. Mabega ya Daktari Theodori yalikuwa yametulia. Ya kwangu ndiyo yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Aliweka picha ya eksirei kwenye mwanga akatuonyesha kwamba upande wa kulia hakuna chonge kabisa, na upande wa kushoto, ambao yeye hajawahi kuugusa, kuna kipande cha jino kilichopinda, kimelala ndani ya ufizi na kinaanza kufanya usaha. Akauliza itakuwaje ameharibu upande ambao hakuufungua. Halafu akafungua faili la miaka mitatu iliyopita akasoma alichoandika mwenyewe siku ile: chonge za utoto za chini hazipo pande zote mbili, mlezi anasema ziling'oka mtoto alipoanguka akicheza. Mlezi aliyempeleka siku ile, alipokuwa kwangu likizo, ni mimi.

Hapo ndipo alipokuuliza, kwa adabu nakumbuka, kama mtoto alipokuwa mchanga aliwahi kuchokolewa fizi na mganga wa kienyeji. Nawe ulisimama. Ulimwambia kwamba wewe ni mwalimu, kwamba mambo ya meno ya plastiki ni ya watu wasiosoma, na kwamba ulipokwenda chuoni mtoto ulimwacha kwa mdogo wako, ambaye alimtoa mdomoni mwa kifo kwa mikono yake na asingeruhusu mtu amguse. Ulipokuwa ukisema hayo mkono wako ulikuwa begani kwangu.

Tangu siku ile mambo ya kliniki hayaendi vizuri. Ile picha ya mapengo ya Aurelia uliyoweka kwenye kundi la wazazi imefika hadi Mlimba. Wateja wangu wakija kupima sare wananiambia usimpeleke mtoto kwa yule, anang'oa meno ya ukubwani. Yule nesi wake, Stefania, ameambiwa apumzike nyumbani kwanza. Ijumaa ofisi ya mganga mkuu wa halmashauri itaamua kama wamsimamishe daktari wakati uchunguzi unaendelea, na karatasi ya kumpeleka Aurelia hospitali kubwa akatolewe kile kipande iko mezani kwa Daktari Theodori inasubiri sahihi yako. Wewe ulisema hutasaini karatasi yoyote iliyoandikwa na mkono ule.

Sasa nikuambie jambo la kwanza ambalo hulijui. Jumapili, tulipotoka misa ya kwanza, Aurelia alivimba taya la kushoto. Hakula mchana. Jumatatu asubuhi nilimpeleka kwa Daktari Theodori bila ruhusa yako, kwa sababu ndiye anayejua kilichomo ndani ya mdomo ule. Nilitegemea atufukuze. Alimweka kwenye kiti, akamsafisha, akampa dawa ya usaha na ya maumivu, akaniambia uvimbe utashuka lakini kipande kile kitoke mwezi huu, kisije kikala mfupa. Uvimbe umeshuka kweli. Jana alikula ugali.

Mtoto alipotoka nje kunisubiri, nilimuuliza daktari kuhusu meno ya plastiki, kama mtu anayeuliza habari za mtoto wa jirani. Alinijibu huku anaosha vyombo vyake, hakunitazama, na nadhani alifanya hivyo kwa huruma. Alisema hakuna kitu kinachoitwa meno ya plastiki. Wanachokitoa waganga wa kienyeji, kile cheupe na laini, ni jino la mtoto mwenyewe ambalo halijakomaa, na ncha ya chuma ikizama zaidi kidogo inafika kwenye mbegu ya jino la ukubwani lililo chini yake. Mtoto anakuwa na homa au anaharisha kwa sababu nyingine, na fizi za miezi minane huwa zinavimba kwa kila mtoto. Akaongeza kwamba wengi wanaochokolewa hufa, na wanaopona hupona kwa maji wanayonyweshwa.

Dada Frida, ni mimi niliyempeleka.

Ilikuwa Aprili ya 2012. Wewe ulikuwa chuoni kwenye mazoezi ya kufundisha, na sisi na mama tulikuwa tumehamia shamba la Michenga kama kila mwaka, tunalala juu kwenye dungu, tunaamia ndege wasile mpunga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na mwanao mgongoni. Alianza kuharisha siku ya Jumanne. Nilitembea naye hadi zahanati, nesi akanipa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, akaniambia nimnyweshe kidogo kidogo bila kuchoka. Njiani nikakutana na wanawake waliomfunua mtoto mdomo, wakaona fizi zimevimba, wakasema hayo ni meno ya plastiki, hospitali hawayawezi, na akichomwa sindano nayo mdomoni atakufa saa hiyo hiyo. Mama naye alisema hivyo hivyo. Pakiti nikaziacha ndani ya mfuko.

Aliyenikataza ni mmoja tu, Nyamizi, mama yake Seni, yule jirani yetu Msukuma aliyekuwa akitupa maziwa ya mtoto. Alisema kwao walishazika watoto kwa ajili ya mambo hayo, na kwamba kama nina dawa ya zahanati nimpe mtoto dawa ya zahanati. Mama alimjibu vibaya, kwamba mtu aliyekuja juzi na ng'ombe asitufundishe kulea. Mimi nikafuata la mama. Alhamisi asubuhi tulikwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa na kambi upande wa pili wa mfereji. Alikuwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mama alishika miguu, mimi nilishika kichwa. Alitoa vitu viwili vyeupe vidogo kama punje za mchele, akavikung'uta kwenye kiganja changu nivione, na mimi, dada, nilimshukuru.

Mtoto alirudi amelegea kama nguo iliyolowa. Jioni ile Nyamizi alikuja bila kuitwa, akafungua mfuko wangu mwenyewe, akachanganya zile pakiti, akakaa na Aurelia mapajani akimdondoshea kwa kijiko. Alikaa usiku huo na kesho yake, ng'ombe wake akamwachia mumewe. Jumamosi mtoto alilia kwa sauti, na sote tukajua amepona.

Ulipokuja nilikudanganya kwamba alipona kwa dawa ya zahanati niliyomnywesha mimi. Niliona haya kukwambia habari za bibi kwa sababu wewe umesoma. Lakini moyoni, miaka yote hii, niliamini ni bibi aliyemponya na kwamba nakuficha tu njia. Jumatatu nimesimama pale kwa daktari nikaelewa kwamba ule uongo wangu ndio uliokuwa kweli, isipokuwa mkono ulioshika kijiko haukuwa wangu. Ulipouliza mbona mtoto hana chonge, mama, Mungu amrehemu, alikuambia tusubiri za ukubwani, nami nikaitikia.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko spoku. Mwaka jana uliponipigia kuuliza mbona chonge za ukubwani nazo hazioti, mimi ndiye niliyesema labda yule daktari alikosea. Wewe hukuwa umelifikiria. Nilisema lile gego alilong'oa lilikuwa na mzizi mrefu kupita kawaida. Nilisema hivyo ili usiendelee kuuliza, na nikaona umelishika, nikakuacha nalo likikua hadi limefika kwa mganga mkuu. Kila ulichokisema dhidi ya mtu yule, mbegu yake niliipanda mimi.

Usiniulize kwa nini sikusema siku ile ulipoweka mkono begani kwangu. Najua jibu na ni baya. Mimi sikujaliwa mtoto, dada. Uliponiletea Aurelia asome sekondari huku ulisema unamleta kwa mama yake wa pili. Niliogopa utamchukua. Sasa ukimchukua nitakuelewa, na nimeshamfulia sare zote.

Ijumaa saa tatu nitakuwa pale ofisini kwa mganga mkuu. Nimeshakwenda kwa Daktari Theodori leo mchana nikamwambia yote, mbele ya Stefania ambaye nilimfuata nyumbani kwake. Hakuniambia nimesamehewa. Alichukua kalamu, akafungua faili, akaniomba nirudie polepole, mwezi, umri wa mtoto, upande upi ulianza, kwa sababu daktari wa huko anakokwenda Aurelia atahitaji kujua. Nilirudia. Ijumaa nitarudia tena mbele ya afisa, na baadaye nitaandika kwenye lile kundi la wazazi kwa jina langu. Ninachokuomba ni sahihi yako kwenye ile karatasi. Nichukie mimi, lakini saini, kwa sababu mwezi unakwenda na taya ni la mwanao.

Aurelia nimemwambia jana jioni, kabla yako, nisamehe kwa hilo pia. Niliona haifai asikie kwa watu jambo lililofanyika mdomoni mwake. Alichambua mboga hadi zikaisha. Kisha aliniuliza kama alilia. Nilimwambia sijui, nilikuwa nimefumba macho. Akaja akasimama mbele yangu karibu kabisa, akafungua mdomo bila kuuziba na mkono, akaniambia nitazame sasa. Nilitazama, dada. Nilitazama hadi alipofunga mwenyewe.

Nisalimie shemeji, wasalimie watoto, na uwaambie kanga za Pasaka nilizoahidi zimeshonwa, Beno anazo kwenye mfuko. Kila ukimaliza simu huwa unaniambia asante kwa mtoto. Usiniambie tena. Nyamizi bado yuko Michenga, nyumba ile ile yenye zizi, na miguu sasa inamsumbua. Ukija Ijumaa, kikao kikiisha, nitakusindikiza hadi njia panda, nawe uende ukamshukuru.

Ni mimi mdogo wako,
Levina