Asali ya Dada Zaina

Makambako, asubuhi

Dada Zaina, shikamoo. Hapa ukungu unatembea barabarani pamoja na watu, na malori ya mbao yanapita kama yanaogelea. Nimekupatia ile asali ya nyuki wadogo wasiouma. Ni nyepesi, ina uchachu wa ukwaju. Niliilamba nikasahau baridi. Muuguzi mmoja hapa gesti anasema haipunguzi kilo, ila husaidia mwili mnene usishike kutu kwa ndani. Kwa hiyo dawa za daktari usiache.

Mama wa Kibena anayeiuza hapa mtaa wa Lyamkena, kavaa koti zito la mitumba, aliniuliza ni ya nani. Nikasema ya dada yangu mnene, daktari kamwambia apungue. Akairudisha chupa kikapuni.

"Apungue, kwani ana nini? Huku wanaopungua tunawazika."

Nikawakumbuka wa kwetu waliokonda kwa ukimwi tukawazika. Kisha nikamweleza kuwa ni moyo wako, unahema hata ukifagia uwanja. Akaitoa tena chupa, akaijaza mpaka shingoni, akaiziba kwa gunzi.

"Mwambie apungue," akasema, "lakini asikonde."

Nami nakuombea hivyo hivyo.

Mdogo wako, Rehema