Jazi Iliyovunja Posa

Nizwa, 6 Machi 1997

Kaka yangu Muadh,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Ibra, na Mama kifua chake kimepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haijatulia.

Tuko Nizwa na okestra, na kesho tunapiga ule muziki wa baleti niliokuhadithia. Mtungaji wake alikuwa Mzungu wa miaka ya ishirini. Alisikia jazi ya Wamarekani weusi ikamkaa moyoni, akaitia katika muziki wa wachezaji wa jukwaani. Klarineti yangu inaanza peke yake, inapanda kwa kuteleza, kama mtu anayelia na kucheka pamoja. Mwongozaji wetu amenirudisha hapo hapo hata midomo imechubuka.

Jana Baba alitutokea ghafla, hata kahawa hakunywa. Alisema Bi Radhia, mama yake Amur, amemwendea nyumbani na kumwambia hawezi kukubali mwanawe aoe msichana anayepiga muziki wa vilabu vya ulevi, unaochezwa na wanawake miguu wazi. Ama niache klarineti, ama posa ivunjike. Nikamweleza Baba kwamba hapa hachezi mtu, tunakaa vitini na mitandio yetu. Akasema khalas, hataki maneno mengi. Hasira zikanipanda, nikamuuliza mbona yeye ujanani Tabora hakukosa dansi la jazi hata Jumamosi moja. Kisha nikaona haya kumjibu mzazi vile.

Amur nampenda, Kaka, na wewe unajua. Nimelia mpaka macho yamevimba. Asubuhi nimempa Baba dhahabu yao yote airudishe. Kesho napiga. Baba hajasema kama ataingia ukumbini.

Lakini kuna jambo. Klarineti Bi Radhia aliijua tangu siku ya posa, na hakusema kitu. Habari za baleti, jazi na miguu wazi nilimhadithia mtu mmoja tu, siku ya Idi, shambani Al Qabil, na mtu huyo ni wewe. Utotoni watu wa okestra walitupima sikio la muziki sote wawili. Mimi nikachukuliwa, wewe ukarudishwa nyumbani. Nilikuona ukilia nyuma ya gari. Nilidhani yamekwisha.

Baba ameniuliza nani aliyepeleka maneno. Nimemwambia sijui. Barua hii anakuletea Thani, dereva wetu, leo hii. Baba atafika Ibra keshokutwa; mwambie mwenyewe, kwa sababu akiniuliza tena sitamdanganya.

Nisalimie Mama, umbusu mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda hata leo,
Ghada