Mashua Ilikuwa Bado Inaelea

Kairo, Misri
Jumapili

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na goti lako limeacha kukusumbua. Mvua imefika Kithyoko, ama bado mnaangalia mawingu yakipita? Mimi niko mzima kabisa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuna mahali katika habari hii ungepiga nduru na kukata kabla sijamaliza. Najua tangu mto Tana umchukue ndugu yako, hupendi hata kusikia habari za maji. Soma mpaka chini, tafadhali.

Wiki hii walikuwa wanachagua wasichana wa kubaki hapa kambini kufundishwa kupiga makasia, na wale wa kurudishwa kwao. Mwaitu, nilikuwa nimeanza kukunja nguo. Kwenye mashine ya mazoezi, ile unavuta mpaka unaona mabega yanang'oka, nilikuwa karibu na mkia. Nafula wa Busia, tunayelala naye chumba kimoja, ndiye alikuwa mbele ya wote. Ni mrefu, mikono yake inafika mbali, na makocha wakimwona wanatabasamu tu.

Siku ya mwisho tulipelekwa mtoni, kila mtu na mashua yake. Hizi si kama zile za bwawa la Masinga. Ni nyembamba kama ganda la maharagwe, ukikohoa inayumba. Nilikuwa nimefika katikati wakati kasia la kushoto lilipoingia majini vibaya, mashua ikapinduka na mimi.

Hapo ndipo ungekata simu. Hapa mjini hakuna mamba, niliuliza siku ya kwanza. Jaketi la kuelea lilinishika juu, lakini maji yalikuwa baridi, nikayameza mengi, nikalia. Boti ya injini ikaja kando yangu. Kocha wetu, Madam Salma, akaninyooshea mkono.

"Njoo, imetosha."

"Ngoja kidogo, Madam."

Nikaigeuza mashua, nikapanda kwa tumbo, nikaanguka, nikapanda tena. Nilipofika mwisho, wenzangu walikuwa wameshavaa nguo kavu. Nilijua basi, yangu imeisha.

Jioni Madam Salma akaniita.

"Mbona ulirudi kwenye mashua, na mimi nilikuwa pale?"

"Ilikuwa bado inaelea, Madam."

"Nani alikutuma huku? Baba? Mwalimu?"

"Mwalimu alinipendekeza. Mama hakutaka. Ni mimi nilitaka."

Aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Mikono ya Nafula siwezi kukupa," akasema. "Nguvu utajenga pole pole. Lakini hamu, Mwende, hiyo sijui kumtilia mtu. Nimewahi kuchagua miili mizuri, ikachoka mapema ikaenda. Wewe utabaki."

Nilitoka pale nikikimbia. Halafu nikaogopa kumwambia Nafula, kwa maana nilikuwa nimesikia yeye anarudi. Nikamkuta kitandani anacheka peke yake! Kumbe aliulizwa swali lile lile la nani alimtuma, akasema ukweli: kwamba tangu shuleni watu waliona urefu wake wakamwamulia, na yeye anachotaka ni kusomea unesi. Madam alimsihi afikirie tena. Akakataa, wakakumbatiana.

"Mwende, leo nimelala mchana kama mtoto," akaniambia. "Nilikuwa nimebeba kitu si changu."

Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Kesho anasafiri, na barua hii amebeba yeye. Atampa kaka Musyoka pale Athi River, naye atakuletea akija nyumbani. Nimeshamwambia kwa simu asimwache mgeni aende na njaa.

Nisalimie nyanya yetu Susu, umwambie chakula kiko kingi, ni muthokoi yake ya mahindi na maharagwe tu haiko. Msalimie Mwalimu Kioko wa michezo, na umwambie sijamwaibisha. Mutheu, mdogo wangu, asome kwa bidii na aache kuvaa viatu vyangu vya kanisani.

Mwaitu, kila tukiongea unaniambia nikichoka nirudi, mlango uko wazi. Asante sana. Nimechoka kweli, hata kushika hii kalamu ni kazi. Lakini sitaki kurudi bado.

Mtoto wako anayekupenda,
Mwende