Kitenge cha Mama Kimekuwa Pazia

Tumpale pokea simu basi! Nimejiaibisha kanisani.

Si unajua hapa Mlowo tunasoma Torati kila Sabato? Leo ilikuwa ile sehemu ya kujenga Hema. Mungu anataka vitambaa vya rangi, ila kwa mtu ambaye moyo wake umependa tu.

Nainua macho, pazia jipya la mbele ni kitenge cha mama. Kile cha zambarau! Kile alichojifunga siku aliyoenda hospitali asirudi!

Baba amekitoa bila kuniambia. BILA KUNIAMBIA.

Nikasimama katikati ya somo nikapayuka, "Moyo wangu haujapenda!"

Baba akageuka. "Hata wangu haujapenda, Ferista. Ila kikiwa nyumbani, kila asubuhi nadhani mama yako yumo chumbani."

Mwalimu wa somo akafunga Biblia. Eti kama moyo haujapenda hiyo si sadaka, kishushwe.

Hakuna aliyesogea. Baba mwenyewe akaleta kiti. "Panda ukishushe, mwanangu."

Nikapanda, Tumpale. Bado kina harufu yake. Mikono ikakataa, nikakimbilia nje.

Nachungulia dirishani hapa. Baba bado amekishikilia kile kiti.