Leso Mlangoni mwa Dispensari

Somo yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nikianza barua bila kukuamkia utanigombeza hata huko uliko, useme, huyu nilimfunda mimi au alijifunda mwenyewe? Basi shikamoo, Bi Mwanakombo, na Mwenyezi Mungu alijaze nuru kaburi lako.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, zile za chuo cha Kurani, maana ndizo ulizozisoma. Mtoto amelala. Njiani watoto wa jirani wanagombania vibendera vya Uhuru vilivyobaki, na mimi nimekaa barazani na leso yako mapajani, ile nyekundu yenye korosho pembeni, nacheka peke yangu. Mtu akiniona atasema nimepagawa. Nacheka kwa sababu jana tumeshinda tena, Somo, na safari hii tumemshinda mtu wa kwetu. Nitakufikisha huko. Wewe hukupenda hadithi ianzie mkiani.

Lazima nianze na dada yangu Mishi, ingawa mkono unakuwa mzito. Alishikwa na uchungu asubuhi, mchana mtoto akawa bado amekataa kutoka, na wewe uliyekuwa umemshika kiuno ukasema kazi hii imenipita, apelekwe hospitali kisiwani. Tukambeba kitandani hadi kivukoni. Feri ilikuwa ng'ambo. Maji ya Likoni si mapana, unawaona watu wa upande wa pili wakipanda na kushuka, na sisi tulisimama tukiwaona huku Mishi akiita mama. Feri ilipofika kwetu, hakuwa na haja nayo tena, yeye wala mwanawe. Ulimfunika kwa leso yako, hukulia. Mimi nalia mpaka leo.

Baada ya Mishi ndipo wazee walipokwenda kulalamika, na kweli, serikali ikajenga. Nyumba ya mawe, mabati mapya, chokaa nje na ndani, na chumba cha kuzalia chenye dirisha la kioo. Likoni nzima ikafurahi. Kisha wakatia kufuli, wakaenda zao. Mkunga hakuja, daktari hakuja, hata mfagiaji hakuja. Mbuzi wakajipatia baraza, popo wakajipatia dari. Kila aliyekwenda kuuliza alirudi na maneno yale yale, "Jambo hilo linashughulikiwa." Nakumbuka ulivyolirudia neno hilo jikoni, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki mdomoni. Ukasema, "Mwanangu, kushughulikiwa si kuja."

Halafu ukaenda kuomba kibali cha vugo.

Hata sasa nikikumbuka natamani kukubusu mikono. Mkutano wa kudai haki tusingeruhusiwa, hilo kila mtu alilijua. Lakini wanawake kutoka na pembe zao za nyati, kupiga vugo njiani na kuimba arusi, nani atakataa? Ulisikia kwamba Bwana wa Afya, yule Mzungu mkubwa aliyeshika mambo ya dispensari zote za upande wetu, atakuja na wageni wake kuwaonyesha jengo. Ukachukua kibali cha siku hiyo hiyo. Tulipofika njia panda askari akatusimamisha, akauliza bibi arusi ni nani. Ukamjibu kwa heshima zote, "Yumo ndani, baba, wamemfungia." Akatuambia tupite, na akatuombea heri. Hukusema uongo hata chembe, Somo, na sijui ulivyoweza kukaza uso. Mimi nilijifunika buibui mpaka macho ili nisicheke mbele yake.

Wimbo uliutunga wewe, na sasa wasichana wanauimba hata kwenye arusi za kweli:

Nyumba nzuri ya chokaa,
na ndani mwalala popo;
bibi arusi yu wapi,
waposaji tuko papo.

Bwana wa Afya aliposhuka garini alitukuta tumejaa barazani, pembe zinalia, na wewe na mimi tumeikinga leso mlangoni, wewe pembe hii na mimi ile. Ni ada yetu, mtoto mdogo anaijua: upande wa bwana arusi haupiti mlango wa bibi arusi mpaka waliomo wapewe chao. Na yule bwana naye aliijua! Alikuwa amekaa pwani miaka, akajisifu kwa wageni wake kwamba anazijua mila zetu, akawaeleza Kizungu huku akicheka, kisha akatia mkono mfukoni akatoa sarafu. Wageni wakapiga makofi. Alidhani tunamkaribisha.

Ukazitazama zile sarafu mkononi mwake. Ukasema, "Shika chako, bwana. Mlango huu haufunguliwi kwa fedha, wafunguliwa kwa neno." Vugo likanyamaza. Mkalimani aliyekuja naye akamtafsiria. Ukauliza, "Mkunga yuwaja lini?" Akasema mambo mengi, mkalimani akayatafsiri, na yote yalikuwa yale yale ya kushughulikiwa. Leso haikushuka. Ukaniangalia jicho moja tu, nikaikaza pembe yangu. Akasema basi, kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kulegeza, kumbe wewe swali lako kubwa hujalitoa. "Na asipokuja, tumuulize nani?"

Somo, nimelifikiria swali lile mara nyingi. Sisi tulizoea kuuliza kitu. Wewe uliuliza mtu. Yule bwana akageuka nyuma kutafuta wa kumtupia, akawaona wageni wake wanamsubiri yeye. Akasema, "Niulizeni mimi." Hapo ndipo ulipoishika pembe ya leso yako ukapiga fundo mbele ya macho yake, kama ulivyofanya kwa kila mtu aliyewahi kukuahidi jambo, hata muuza mkaa, ukamwambia, "Hili lako." Kisha tukamfungulia njia, akapita kichwa chini kuwaonyesha wageni chumba cha popo. Nyuma yetu vijana walikuwa wakipiga vigelegele vya kiume, na aliyepaza sauti kuliko wote, akilia "Waulizeni! Waulizeni!", alikuwa Salimu, mtoto wa kaka yako. Mkumbuke Salimu, nitamrudia.

Mvua za masika zikaja, na zikakuchukua. Kifua tu, ulisema, kifua tu, mpaka ukawa huna pumzi ya kusema hivyo. Nilikuwa nimeshika mimba changa, hukuwa umeambiwa na mtu, ukanigusa tumbo ukatabasamu. Ukanipa leso. Sikuitaka. Kuipokea ilikuwa ni kukubali unakwenda, nikakuambia fundo utalifungua mwenyewe, Somo, utalifungua mwenyewe. Ukasema, "Usilifungue hata kwa huruma." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, na watu wakiniuliza kama uliniusia mambo ya dini na unyumba nasema ndiyo, kwa adabu.

Ramadhani ikaandama, mkunga hakuna. Tumbo langu limejaa, na kila nikisikia king'ora cha feri mwili unasisimka, namwona Mishi. Niliogopa, Somo. Niliogopa maji yale kuliko kaburi. Wanawake wakanitazama mimi, na wewe wanijua, nilikuwa naona haya hata kumwita muuza samaki, namtuma mtoto. Lakini leso ilikuwa kwangu. Tukafunga saumu, tukavuka, tukakaa barazani mwa ofisi ya Bwana wa Afya kisiwani, baraza zima, kimya, hakuna wimbo. Karani akatuambia bwana ana kazi. Nikasema tutangoja, hatuna haraka ya chakula. Wenzangu wakaangua kicheko, naye karani akaona aibu akaingia ndani.

Alipotuita nikaitandaza leso juu ya meza yake, nikaligeuza fundo upande wake. Alilijua papo hapo. Akauliza, "Yule mama yuko wapi?" Nikamwambia umekufa. Nadhani alifikiri basi na neno limekufa nawe. Nikasikia sauti yangu, nzito, sijui ilitoka wapi, ikisema, "Ulisema tukuulize wewe. Tumekuja kukuuliza wewe." Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akashika simu mbele yetu, na mkalimani akatwambia anasema nini bila kuombwa, maana naye alikuwa ameshatupenda.

Mkunga akaja kabla ya Idi. Unasikia? Kabla ya Idi! Nesi Kadzo, msichana wa Kirabai, Mkristo wa misheni, mfupi, mwenye mikono ya kazi. Alikuta mbuzi barazani akawafukuza kwa kandambili yake mwenyewe, akawafukizia popo moshi wa makumbi ya nazi mpaka wakahama. Wako walionong'ona kwamba hawatazalishwa na Mkristo. Nikawauliza kama Mishi angemkataa. Sasa hao hao ndio wanaompelekea mahamri.

Mimi nilizaa mwezi wa Mfungo Mosi, baada tu ya Ramadhani, kwenye kile chumba cha dirisha la kioo. Mtoto alikuja vibaya, Somo, kama wa Mishi. Namwambia kila mtu, kama wa Mishi kabisa. Nesi Kadzo alinishika, akamgeuza, akanikemea, akanitia moyo, na feri ikapiga king'ora chake huko mbali na mimi sikuihitaji. Ni msichana. Jina lake usiniulize, unalijua, na kichwa kigumu amekirithi pamoja na jina. Nilipopata nguvu ya kukaa nililifungua fundo lako mwenyewe. Lilikuwa limekaza, ikabidi nitumie meno. Nililia kwa furaha na kwa kukukosa, vyote kwa mpigo, na Nesi Kadzo akanifuta kwa leso hiyo hiyo.

Sasa nije kwa Salimu wako. Mambo yamegeuka, Somo. Bendera ya zamani imeshuka, Bwana wa Afya amekwenda kwao, na Salimu ni diwani. Ana koti juu ya kanzu hata jua likiwaka. Tulimpigia kura sote, nami nilimpigia kelele mpaka nikapoteza sauti. Lakini kabati la dawa pale dispensari lilikuwa tupu tangu kabla ya sherehe. Nesi Kadzo anapima watoto wenye homa kisha anawaambia mama zao wavuke wakatafute dawa ng'ambo. Kuvuka tena! Nilipomfuata Salimu nyumbani kwake alinipa chai, akaniita dada, akasema, "Jambo hilo linashughulikiwa."

Nilitaka kumrushia kikombe. Nikakumbuka ulivyonifunda, nikainywa ile chai mpaka mwisho, nikashukuru, nikaenda kuwaita wenye pembe.

Wengine walikataa. Walisema, huyu ni wetu, tukimfanyia kama Mzungu tutajiaibisha, na Uhuru wenyewe bado mbichi. Nikawaacha walale. Asubuhi nilipomfunga mtoto mgongoni kwa leso yako jibu likaja lenyewe: mlango ni ule ule, na homa haiulizi diwani ni wa kabila gani. Salimu alipokuja na watu wake kuhutubia pale dispensari, alituona tumekinga leso mlangoni, mimi pembe hii na binti mkubwa aliyeachwa na Mishi pembe ile. Akacheka. Akatia mkono mfukoni. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, maana yeye si mgeni, alikuwepo siku ile. Akautoa mkono mtupu.

Sikumpa nafasi ya kuhutubia. Nikamuuliza dawa zinakuja lini, akasema Ijumaa. Na zisipokuja, tumuulize nani? Watu walikuwa wengi. Akaitazama leso, Somo, akakuona wewe, naapa alikuona wewe. Akasema, "Niulizeni mimi, Shangazi." Mimi ni mdogo kwake kwa umri, wala si shangazi yake; shangazi ulikuwa wewe. Nikapiga fundo.

Jana ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala lori likaingia, na Salimu amekaa pembeni ya dereva, koti kalivua, jasho linamtoka. Alishusha makasha kwa mikono yake, akayaingiza moja moja mpaka kabatini, kisha akaja kusimama mbele yangu kama mtoto wa chuo aliyehifadhi sura yake. Nikalifungua fundo mbele ya watu. Vugo lililopigwa jana, Somo, lilisikika hadi ng'ambo ya maji. Ningetoa chochote ulisikie. Na labda ulilisikia.

Usinidhanie nimelewa ushindi. Leo asubuhi nimemwambia Salimu kwamba chumba cha kuzalia kimoja hakitoshi, akaanza kukuna kichwa, nami nimeshapiga fundo jingine. Mwanangu alikuwa mgongoni akalishika kwa vidole akajaribu kulifungua. Nikamwambia, "Hata kwa huruma," naye akacheka na meno yake mapya.

Nakuahidi hivi: nitamfunza. Wakija weupe, wakija weusi, wakija wa ukoo wetu, atawauliza lini, na atawauliza nani. Leso hii ikichakaa tutanunua nyingine.

Lala, Somo yangu. Pumzisha mikono. Mlango tumeushika.

Mwanao uliyemfunda,
Mwanasiti