Sangala Aliyekataliwa Msibani Kwako

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka ghafla, umekaa kizingitini, unafunga manyoya kwenye ndoano. Mpaka leo chakula kikiiva kuna mtu anafungua mdomo kukuita, kisha anakumbuka.

Rusimbi nzima ilikujua kwa vyambo vyako vya kuburuta nyuma ya mtumbwi. Vijiko vya Mama vilikwisha jikoni kwa ajili hiyo. Ulivikata mipini, ukavitoboa, ukavitia ndoano, na Mama akipiga kelele ulimwambia uji hukorogwa hata kwa mwiko. Maji yakiwa maangavu ulitaka chuma kitupu king'ae. Mto Malagarasi ukishusha udongo wake kule Ilagala, uliongeza manyoya mekundu, na majogoo wetu walitembea bila mikia.

Karibu na ndoano uliweka kipande cha waya, maana samaki wa meno hana huruma na nailoni. Ulisema mtumbwi usinyooke kama mtu anayewahi ofisini. Upinde kushoto, upinde kulia, chambo kizame kidogo kisha kipande juu, sangala adhani ni dagaa aliyeumia. Mzee Bucumi, rafiki yako wa tangu ujana, alishika mashine, na wewe ulishika mshipi kwa kidole. Uvuvi huo ni wa watu wawili, na ninyi mliuzoea hata hamkuhitaji kusemeshana.

Hukuwa mchoyo, Baba. Aliyekuja kuomba chambo aliondoka nacho, na fundo lake ukamfundisha hapo hapo.

Yanayofuata, shangazi Esther, dada yako, anasema hayaandikwi. Tumemjibu kwamba mwalo mzima unayajua, sasa tunamficha nani?

Desturi ya mwaloni kwetu unaijua: mvuvi akiwa amelala ndani hajazikwa, hakuna mtumbwi unaoshuka majini. Alfajiri ile ya msiba wako wenzako walivuta mitumbwi yao mchangani, wakafunika mashine, wakaja kukaa nawe. Jikoni kwetu kulikuwa na maharage tu. Shangazi akashika kiuno.

“Nyumba ya Feliksi, watu walie kwa maharage? Watatusema mpaka Ujiji!”

Mama alikuwa ndani nawe, hakusikia. Sisi tulisikia na tukanyamaza, na kunyamaza kwetu ndiko kulikomtuma Thobias. Mwanao wa kwanza alichukua kile chambo ulichokiacha nusu, akakimalizia kufunga, akaenda ziwani. Kwa kuwa alikuwa peke yake, mshipi aliufunga mguuni akapiga kasia mwenyewe. Alidhani anakuheshimu. Alidhani watu wataona chambo chako cha mwisho kimewalisha, watasema huyu kweli ni mtoto wa Feliksi.

Alirudi na sangala ambaye mkia wake uliburuzika chini. Hakupita uani. Alipita mbele, katikati ya waombolezaji, kichwa juu. Hakuna aliyesema neno, na yeye akadhani ni majonzi.

Chakula kilipoletwa, Mzee Bucumi aliitazama sahani yake.

“Huyu samaki katoka wapi?”

“Ziwani, Mzee,” Thobias alisema. “Kwa chambo cha Baba.”

“Leo?”

“Leo.”

Mzee Bucumi alinawa tena mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu, akaisogeza sahani taratibu. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu tupu, na adabu ile ilituchoma kuliko matusi. Sufuria zilirudi zimejaa. Majirani walituletea ugali na maharage, waombolezaji wako wakala hayo. Yule sangala tulimfukia nyuma ya choo, tukaona haya hata kutazamana.

Tangu hapo hakuna aliyemtukana Thobias. Akipita wanamwamkia “Mwakeye”, anaitikia. Lakini hakuna anayekaa katika mtumbwi wake, na mtumbwi wa kuburuta chambo bila mwenzio ni ubao tu. Ameomba kwa huyu, ameomba kwa yule. Kila mmoja ana udhuru. Siku hizi anabeba zege Katubuka, na akienda huko anazunguka njia ya mbali ili asipite mwaloni.

Wiki iliyopita Mama alimtuma kwa Mzee Bucumi na ujumbe wa misa yako. Alisimama nje kama mgeni.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Pita ndani.”

“Sistahili kupita. Naomba radhi kwa yule samaki.”

“Wewe unadhani ni samaki? Tulivuta mitumbwi ili tukae na baba yako. Mwalo mzima tulikuwapo. Wa kukosekana ulikuwa wewe.”

Thobias alirudi na maneno hayo, akatuambia akiwa amejifunika uso kwa shati. Hatukuweza kumbembeleza, kwa sababu maneno yalikuwa yetu sote. Siku uliyolala ndani kwa mara ya mwisho, Baba, ni Mama aliyekaa nawe. Sisi watoto wako tulikuwa jikoni tunahangaika watu watatuonaje. Tunaona aibu. Tunalisema jambo hili hapa wazi, kwa kuwa uani tumelisema vya kutosha na halijapungua.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, kisha tutakula pamoja nyumbani, Rusimbi. Mzee Bucumi amesema atakuja, na atakula. Kuhusu mtumbwi hakusema lolote, na Thobias hakuuliza.

Wanaokukumbuka ni mkeo Melania. Dada yako Esther. Binti zako Agnesi na Yasmini. Wajukuu Arakaza na Carmen. Rafiki yako Bucumi. Na mwanao Thobias. Yeye aliomba jina lake liachwe. Mama akasema, “Mwandikeni. Feliksi angemtafuta huyo kwanza.”

Hutatoka mioyoni mwetu, Baba. Jumamosi, kabla kengele haijalia, Thobias atakuwa kaburini kwako, mikono mitupu. Anakuja kukaa tu.